Carolus Clusius, Mpanda Maua

Mtu akipita katika nchi ya Uholanzi mwezi wa Aprili huona mashamba makubwa ya maua, yamepandwa kwa mistari kama mahindi. Mstari mmoja ni mwekundu, wa pili ni wa manjano, wa tatu ni mweupe, hata macho huchoka kwa kutazama. Ua hilo huitwa tulipu. Lakini tulipu si mwenyeji wa Uholanzi. Ni mgeni aliyetoka mbali, upande wa mashariki. Na katika watu waliomkaribisha mgeni huyo, anayekumbukwa kuliko wote ni mzee mmoja kilema, aliyetembea kwa magongo, jina lake Carolus Clusius.

Clusius alizaliwa tarehe 19 Februari mwaka wa 1526 katika mji wa Arras. Siku hizo mji huo ulikuwa katika milki ya Kaisari Charles wa Tano. Sasa umo katika nchi ya Ufaransa. Jina alilopewa nyumbani lilikuwa Charles de l'Écluse, lakini desturi ya wenye elimu wa zamani ilikuwa kuandika majina yao kwa Kilatini, na kwa hiyo dunia humjua kwa jina la Clusius.

Baba yake alitaka mwanawe awe mtu wa sheria. Kijana akatii. Akasoma katika miji ya Ghent na Leuven, akapata hati yake ya sheria mwaka wa 1548. Lakini moyo wake haukuwamo katika kesi na mashauri. Akaenda Ujerumani, na katika mji wa Wittenberg akamsikiliza mwalimu mkuu Philip Melanchthon. Huko akazidi kuvutwa na elimu ya vitu vilivyoumbwa: mawe, wanyama, na zaidi ya yote mimea. Mwaka wa 1551 akafika Montpellier, kusini ya Ufaransa, mahali palipokuwa na shule mashuhuri ya utabibu. Mwalimu wake alikuwa Guillaume Rondelet. Rondelet alimpenda kwa bidii yake, akamkaribisha nyumbani mwake, akamfanya mwandishi wake. Muda wa miaka mitatu Clusius alitembea mashambani, vilimani na ufuoni, akichuma majani, akiyakausha, na kuandika habari zake.

Si ajabu kwamba elimu ya utabibu ilimpeleka kwenye mimea. Zamani hizo dawa nyingi za Ulaya zilitokana na mizizi, majani na mbegu. Tabibu asiyeweza kupambanua mmea na mmea aliweza kumnywesha mgonjwa sumu badala ya dawa. Tena vitabu vilivyokuwapo vilikuwa vya kale, navyo vilieleza mimea ya nchi nyingine. Mmea mmoja uliitwa majina kumi, na jina moja lilipewa mimea kumi. Clusius aliona ya kuwa kazi ya kwanza ni kutazama kila mmea kwa macho yake mwenyewe, kuupima, kuuchora, na kuueleza kwa maneno yasiyo na shaka. Kazi hiyo aliifanya mpaka uzee wake.

Kwa kuwa alijua lugha nyingi, aliwasaidia pia watu wengine kusoma. Mwaka wa 1557 kilitoka kitabu kikubwa cha mimea cha Rembert Dodoens, naye Clusius ndiye aliyekitia katika lugha ya Kifaransa. Mwaka wa 1564 akasafiri Hispania na Ureno pamoja na kijana wa jamaa ya Fugger, matajiri wa mji wa Augsburg. Katika Ureno alipata kitabu cha tabibu Garcia de Orta, aliyekaa Goa katika Bara Hindi, na kilichokuwa kimepigwa chapa huko huko Goa mwaka wa 1563. Kitabu hicho kilieleza karafuu, pilipili, mdalasini na dawa nyingine zilizosafirishwa katika bahari ya Hindi. Clusius alikifupiza na kukitia katika Kilatini, kikatoka mwaka wa 1567. Hivyo wenye elimu wa Ulaya, ambao walikuwa wakila viungo hivyo bila kujua miti yake, wakapata kuzisoma habari zake.

Mwaka wa 1573 Kaisari Maximilian wa Pili alimwita Clusius aje Vienna, katika nchi ya Austria, atengeneze bustani ya mimea. Huko Vienna ndiko alikopata tulipu kwa wingi.

Tulipu za mwituni huota katika milima ya Asia ya Kati, mahali penye baridi kali na jua kali. Waturuki walilipenda sana ua hilo, wakalipanda katika bustani za masultani wao. Wao huliita lale. Lakini Wazungu walilipa jina litokanalo na neno la Kituruki la kilemba, kwa sababu ua la tulipu likifumba hufanana na kilemba kilichofungwa vizuri kichwani. Balozi wa Kaisari, jina lake Ogier Ghiselin de Busbecq, alikaa miaka mingi Stambuli kwa Sultani Suleiman. Aliporudi Vienna alikuwa na mbegu na matunguu ya mimea mingi. Tulipu haina kiazi kama cha muhogo. Shina lake la chini ni tunguu, lenye matabaka kama kitunguu cha kupikia.

Clusius hakuwa mtu wa kwanza wa Ulaya kuiona tulipu. Mwaka wa 1559 tabibu Conrad Gesner aliiona imechanua katika bustani moja ya Augsburg, akaiandika na kuichora. Tena Clusius mwenyewe ameacha habari ya mfanyi biashara mmoja wa Antwerp, katika mwaka wa 1562. Mtu huyu alipokea majora ya nguo kutoka Stambuli, na ndani yake mlikuwa na matunguu. Akadhani ni vitunguu vya kula. Akayachoma motoni machache, akayala kwa mafuta na siki. Yaliyosalia akayafukia bustanini katikati ya kabichi, wala hakuyaangalia tena. Karibu yote yakafa. Machache yakaokolewa na Joris Rye wa mji wa Mechelen, mpenzi wa mimea, aliyeyachukua na kuyatunza. Ndivyo ilivyo mara nyingi: kitu cha thamani humfikia mtu, naye hakijui, akakila au akakitupa.

Busbecq alipoondoka Vienna kwenda Ufaransa alimwachia Clusius mbegu nyingi za tulipu. Mbegu hizo zilikaa muda, hata Clusius akashuku kwamba zimekufa. Hata hivyo hakuzitupa, akazipanda. Zikaota. Lakini mtu apandaye tulipu kwa mbegu hana budi kuwa na saburi kubwa. Mwaka wa kwanza hutokea jani moja tu, jembamba kama jani la nyasi. Jani hukauka, na chini ya udongo huachwa tunguu dogo kama punje. Mwaka wa pili hutokea jani jingine, kubwa kidogo. Huenda hivyo miaka mitano, sita au saba, ndipo ua la kwanza litokee. Clusius alingoja. Na maua yalipochanua, hayakuwa ya rangi moja: mengine mekundu, mengine ya manjano, mengine meupe, mengine ya zambarau, na mengine yenye rangi mbili. Akayatazama moja moja, akayagawa katika makundi matatu kwa kufuata wakati wake: yatanguliayo, ya katikati, na yachelewayo.

Kumbe bustani ya mfalme haina uhai mrefu kuliko mfalme mwenyewe. Maximilian alikufa mwaka wa 1576, na mwanawe Rudolf akatawala mahali pake. Rudolf hakuijali bustani ile. Clusius alikuwa Mprotestanti, na watumishi wa namna yake hawakutakiwa tena. Akapoteza kazi yake. Juu ya hayo wezi waliingia mara kwa mara katika bustani aliyoilima, wakang'oa mimea ya thamani. Mtu mwingine angalikata tamaa. Clusius alibaki Vienna akifanya kazi bila mshahara wa Kaisari. Akapanda milima ya Austria, kama Ötscher na Schneeberg, akakusanya maua ya juu kabisa, na mwaka wa 1583 akatoa kitabu cha mimea ya Austria na Hungaria.

Mwanzo wa mwaka wa 1588 alipata zawadi kutoka kwa Philippe de Sivry, mkuu wa mji wa Mons: viazi viwili. Navyo ni hivi viazi viitwavyo leo viazi vya Kizungu, ingawa asili yake si Ulaya bali milima ya Amerika ya Kusini. Clusius alivipanda, akaviandikia habari, na mavuno akawagawia rafiki zake wa Ujerumani. Viazi vililiwa na watu wachache sana wa Ulaya siku hizo; baadaye vikawa chakula cha mamilioni.

Mwaka ule ule akahamia Frankfurt. Huko alifanya jaribio lingine. Alimpa muuza dawa mmoja matunguu ya tulipu ayatie katika sukari, kisha akayala ili apate kujua kama yafaa kwa chakula. Akaona ladha yake si mbaya. Lakini huko Frankfurt pia alipatwa na msiba: alianguka, nyonga ikateguka, wala haikurudi sawasawa. Tangu siku hiyo hakuweza kutembea bila magongo. Alikuwa mzee, hakuwa na mke wala mtoto, na mali yake ilikuwa kidogo. Mtu yeyote angalidhani kwamba kazi yake imekwisha.

Wakati huo mji wa Leiden katika Uholanzi ulikuwa na chuo kikuu kipya. Mwaka wa 1574 Wahispania waliuzingira mji huo, na watu wengi wakafa kwa njaa na maradhi, lakini mji haukusalimu amri. Mwaka wa 1575 ukapewa chuo kikuu. Wakuu wa chuo walitaka bustani, ili wanafunzi wa utabibu wajifunze mimea kwa macho, si kwa vitabu tu. Rafiki za Clusius, na hasa Marie de Brimeu, mwanamke wa ukoo mkubwa aliyependa sana maua, walisema kwamba hakuna mtu aifaaye kazi hiyo kuliko yeye. Clusius alifika Leiden katika mwezi wa Oktoba mwaka wa 1593, umri wake miaka 67.

Mzee kilema hawezi kushika jembe. Kwa hiyo alipewa msaidizi, Dirck Outgaertszoon Cluyt, muuza dawa wa mji wa Delft, mtu mwenye mikono ya kazi. Mmoja alikuwa na elimu, wa pili alikuwa na nguvu, na wote wawili walikuwa na upendo wa mimea. Bustani yenyewe ilikuwa ndogo, kama mita 35 kwa mita 40, lakini mwaka wa 1594 mlikuwamo namna zaidi ya elfu moja za mimea, kila moja kwa kitalu chake. Katika vitalu hivyo Clusius alitia matunguu ya tulipu aliyokuja nayo, na mwaka ule wa 1594 yakachanua. Wapenzi wa maua wachache wa Uholanzi walikuwa nazo tulipu hata kabla ya hapo. Lakini ni kwa bustani ya Leiden, na kwa zawadi za Clusius, kwamba maua hayo yalienea na kujulikana.

Maana Clusius alikuwa mtoaji. Aliandikiana barua na watu wa nchi nyingi: mabibi wakuu, matabibu, wauza dawa, mapadre, watunza bustani. Zaidi ya barua elfu moja zimehifadhiwa Leiden mpaka sasa. Rafiki aliyemwomba tunguu alipelekewa, pamoja na maelezo ya kulipanda. Lakini wako watu wasiokuwa rafiki, waliotaka tulipu ili waziuze kwa fedha nyingi. Hao aliwanyima. Basi wakaja usiku, wakaiba. Zaidi ya mara moja mzee aliamka akaona mashimo mahali palipokuwa na maua yake ya miaka mingi. Alihuzunika sana. Hata hivyo matunguu yaliyotolewa kwa mapenzi na yaliyoibwa kwa tamaa yote yaliota, na nchi ikajaa tulipu.

Jambo moja lilimshangaza Clusius katika tulipu. Mara nyingine ua lililokuwa la rangi moja hugeuka ghafula, likawa na milia myembamba kama ndimi za moto, nyekundu juu ya nyeupe. Watu walifurahi sana walipoona hivyo. Lakini Clusius aliyetazama kwa makini aliona kwamba mmea wenye milia hiyo hudhoofika, tunguu lake hupungua, na mwisho hufa. Ilikuwa kama kwamba ua linampendeza bwana wake kwa kumuaga. Sababu yake haikujulikana ila baada ya miaka zaidi ya mia tatu. Mnamo mwaka wa 1928 mtaalamu wa Uingereza, Dorothy Cayley, alionyesha kwamba milia ile ni ugonjwa unaoambukizwa kutoka tunguu moja hata jingine. Na ugonjwa huo huletwa na virusi vinavyochukuliwa na vidukari. Clusius hakuwa na hadubini ya kuona virusi. Lakini macho yake yaliona kweli, wala hakudanganywa na uzuri.

Kuna badiliko jingine la tulipu lisilo ugonjwa. Tulipu ya kawaida ina majani sita ya rangi, na katikati yake vinyuzi sita vyenye unga wa chavua. Lakini mara moja moja hutokea mmea ambao vinyuzi vyake vimegeuka kuwa majani ya rangi, hata ua likajaa tabaka juu ya tabaka kama waridi. Wapanda maua huzipenda sana tulipu hizi za tabaka nyingi. Lakini kila faida ina gharama yake. Kwa kuwa vinyuzi vimegeuka, chavua ni haba, na mbegu ni chache au hakuna kabisa. Kwa hiyo haziongezwi kwa mbegu bali kwa matunguu madogo yanayozaliwa ubavuni mwa tunguu la mama, nayo hutoa ua lile lile. Tena ua lenye tabaka nyingi ni zito. Mvua ikinyesha hujaa maji, na shina huinama au kuvunjika. Kwa sababu hiyo mtunza bustani huzipanda mahali penye jua, pasipopigwa na upepo mkali.

Kupanda kwenyewe si kugumu. Matunguu hutiwa ardhini kabla ya majira ya baridi, ncha juu, kina kama mara tatu ya kimo cha tunguu, katika udongo usiotuamisha maji. Maana maji yakituama tunguu huoza. Baridi ya miezi mitatu au zaidi huliamsha ua lililolala ndani. Ndiyo sababu katika nchi za joto, kama pwani ya Afrika ya Mashariki, tunguu la tulipu halitoi ua jema lisipowekwa kwanza mahali pa baridi. Ua likinyauka hukatwa, lakini majani huachwa mpaka yawe ya manjano, kwa kuwa ndiyo yanayolisha tunguu kwa mwaka ujao. Mtu mwenye haraka akiyakata majani mabichi, mwaka wa pili hupata majani matupu.

Mwaka wa 1601 Clusius alitoa kitabu chake kikubwa cha habari za mimea isiyo ya kawaida, na mwaka wa 1605 kitabu cha vitu vya nchi za mbali. Katika hicho cha pili alimweleza hata dodo, ndege mkubwa asiyeruka wa kisiwa cha Mauritius. Ndege huyo alikwisha kabisa duniani katika karne ile ile, na maneno ya Clusius ni miongoni mwa habari chache za kale zilizosalia.

Carolus Clusius alikufa Leiden tarehe 4 Aprili mwaka wa 1609, katika mwezi wa tulipu, umri wake miaka 83. Alizikwa katika kanisa la Vrouwekerk. Hakuacha mali wala watoto.

Baadaye watu wa Uholanzi walishikwa na tamaa ya tulipu. Walinunua na kuuza matunguu yaliyokuwa bado ardhini, wala hawajayaona. Bei ikapanda hata tunguu moja zuri likauzwa kwa fedha nyingi kuliko mshahara wa fundi wa mwaka mzima. Walioshindana zaidi waliwania maua yenye milia, yale yale ambayo Clusius aliyajua kuwa dhaifu. Katika mwezi wa Februari mwaka wa 1637 bei zilianguka ghafula. Wanunuzi walikataa kulipa, wauzaji wakashitaki, na rafiki wakawa maadui.

Bei zile zimepita, na waliozitafuta hawatajwi. Bustani ya Leiden ingali ipo, na vitalu vya Clusius vimetengenezwa upya kwa kufuata orodha ya zamani. Na iko tulipu moja ya mwituni, nyembamba, nyeupe ndani na nyekundu nje, ambayo wenye elimu ya mimea wameipa jina lake: Tulipa clusiana. Kila mwaka, baridi ikiisha, huchanua.